Uhazili au utunzaji wa kumbukumbu? Naomba mwongozo wenye vipimo

mkulima_kibaigwa

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne. Ana D tano, Kiswahili na Kiingereza zimo. Anataka kazi za ofisini: kuchapa, kupokea wageni, mafaili na mambo kama hayo. Nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu. Wa kwanza anasema miezi mitatu ya kompyuta hapa mtaani inatosha. Wa pili anasema uhazili (kazi ya ukatibu wa ofisi), tena Tabora, hakuna kwingine. Wa tatu anasema uhazili ulishakufa, siku hizi simu zinarekodi, bora asome utunzaji wa kumbukumbu.

Mwenye kujua anieleze: kozi ipi inampa nafasi serikalini, hatimkato (kuandika kwa kasi kwa alama fupi) bado inaulizwa kweli, usaili wa vitendo unapima nini, na kipi anaweza kuanza kukifanyia mazoezi nyumbani kabla chuo hakijafunguliwa. Laptop ipo, ya mtumba. Msinipe nasaha za "ajitume", nipeni vipimo.

bi_stensili

Kaka, anzia mwisho urudi mwanzo. Tafuta tangazo la Sekretarieti ya Ajira la kada ya Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II, usome sifa za mwombaji neno kwa neno. Wanataka kidato cha nne au cha sita, Stashahada ya Uhazili au cheti cha NTA 6 (ngazi ya sita ya elimu ya ufundi), awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, na awe na mafunzo ya programu za ofisi: Word, Excel, PowerPoint, intaneti, barua pepe na Publisher. Matangazo ya zamani ya Katibu Mahsusi Daraja la III yalitaka maneno 80 na mtihani wa Uhazili Hatua ya Tatu. Ukiona watu wanabishana 80 au 100, wote wana ushahidi. Wamesoma matangazo ya vipindi tofauti. Mwambie alenge 100.

Kwa hiyo cheti cha miezi mitatu hakimfikishi huko. Kitamfundisha Word, sawa, lakini hakikai mahali pa uhazili, na hata kwenye kipengele cha kompyuta tangazo linasema chuo kinachotambuliwa na Serikali. Kabla hujatoa hata shilingi, muombe mwenye kituo namba yake ya usajili wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, uihakiki mwenyewe kwenye tovuti yao. Akianza kuzunguka, ondoka.

Njia yake kutoka kidato cha nne ni NTA 4, kisha 5, kisha 6, kwa kawaida mwaka mmoja kila ngazi. Kuingia NTA 4 anahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na hizo D tano zinatosha kama si za dini. Wapo wanaoishia NTA 5 wakidhani watamalizia kazini. Tangazo linaposema NTA 6, mfumo wa maombi hauna huruma na NTA 5.

Kuhusu Tabora: sifa yake ni ya kweli, pale palikuwa chuo cha uhazili kabla hakijawa sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Lakini chuo hicho kina kampasi Dar es Salaam, Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya, na cheti ni cha chuo kimoja. Kutoka Kibaigwa, Singida ni karibu zaidi kwa nauli. Angalia tu kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka husika kama uhazili unafundishwa kwenye kampasi unayoitaka.

Kalamu_Nyembamba

Nidakie hatimkato, maana ndiyo inayorudisha watu nyumbani. Kuchapa kila mtu anajifunza, hatimkato haidanganyiki.

Inayofundishwa kwenye vyuo vyetu ni ya mfumo wa Pitman. Konsonanti zinakwenda jozijozi: mchoro ni uleule, tofauti ni wembamba na unene. P nyembamba, B nene. T na D, K na G, F na V, CH na J hivyohivyo. Sasa chukua Kiswahili: *pata* na *bata*, *toa* na *doa*, *kamba* na *gamba*, *faa* na *vaa*, *chini* na *jini*. Asipotofautisha mkono mwepesi na mkono mzito, wakati wa kunukuu, yaani kuirudisha kwenye maandishi ya kawaida, atabaki anakisia. Ndiyo maana kalamu ya bolpeni inawaumbua wengi: mstari wake una unene mmoja. Atumie penseli ya HB, tatu zikiwa zimechongwa mezani, maana ncha ikishakuwa butu kila herufi inageuka nene. Daftari liwe lenye waya juu, lenye mistari, na kila ukurasa ugawanywe katikati kwa mstari wa wima ili mkono usisafiri mbali.

Makosa yanayoua kasi, kwa jinsi yanavyojitokeza kwa wanafunzi:

Kuandika makubwa. Mchoro wa kawaida hauzidi nusu sentimita. Ukiukuza mara mbili, mkono unatembea mara mbili ya safari.

Kuweka irabu zote. Irabu ni vinukta na vistari vidogo, na kila kimoja kinataka unyanyue penseli. Kwenye kasi, mwandishi anaacha nyingi na kutegemea mahali mchoro wa kwanza unapokaa: juu zaidi ya mstari, juu ya mstari wenyewe, au kuukata. Asiyezingatia hizo nafasi tatu huacha irabu halafu hana cha kumkumbusha. Anaweka zile tu zinazotenganisha maneno, kama *tuma* na *tamu*.

Kurudi nyuma kusahihisha. Neno likimponyoka aache nafasi, aendelee. Anayerudi kufukuzia neno moja anapoteza kumi.

Na kosa la Kiswahili hasa: kuandika viambishi kimoja kimoja kila mara. *Nina-, tuna-, wata-, hawaku-, ili-* vinarudi katika kila sentensi. Vifanyiwe mazoezi peke yake mpaka mkono uvitoe bila kufikiri, ndipo mizizi ya vitenzi ifuate. Neno kama *watakapowasilisha* linahesabiwa neno moja, na msomaji hatapunguza mwendo kwa sababu yake.

Kasi inajengwa hivi. Chukua habari ya gazeti au hotuba ya bajeti, weka mkwaju wa penseli kila baada ya maneno 20. Ukisoma maneno 20 kwa sekunde 20, hiyo ni kasi ya 60. Sekunde 15 ni 80. Sekunde 12 ni 100. Wewe kaka ndiye usome, au jirekodi kwenye simu huku saa iko mbele. Rekodi kifungu cha dakika tatu kwa kila kasi. Afanye cha 60 mpaka anukuu bila pengo, kisha apande kwa kumi, asipande kwa ishirini. Njia inayosaidia sana ni kuchukua kifungu kilekile mara tatu: kwanza kasi anayoiweza, pili kasi ya juu yake hata kama anaacha mapengo, tatu anashuka hadi ya katikati. Mkono unashangaa mwendo umekuwa mwepesi.

Na anukuu siku hiyohiyo. Hatimkato isiyonukuliwa haina faida, na nusu ya usomaji wake iko kichwani. Ikilala siku mbili hata mwenyewe haisomi.

Ila asijifundishe peke yake michoro kabla ya chuo. Akizoea mchoro mbovu, mwalimu atatumia muhula mzima kuuvunja. Nyumbani kwa sasa afanye kuchapa, na asome Kiswahili na Kiingereza kwa sauti.

mbishi_wa_posta

Tuwe wakweli lakini. Ofisi ngapi leo bosi anamuita mhazili akae na daftari amsomee barua? Bosi anaandika mwenyewe kwenye WhatsApp anatuma "niwekee kwenye letterhead". Mnamfanya binti wa watu ahangaike na vistari vya karne ya 19.

Kalamu_Nyembamba

Mbishi, mpaka kwenye "letterhead" nakubaliana nawe. Barua za kusomewa zimepungua. Ila binti anaomba ajira kwa sifa zilizoandikwa, na hizo hazijafutwa.

Pili, vikao. Kikao cha saa tatu kikirekodiwa kwenye simu kinataka mtu akae akisikilize tena saa tatu, na kwa kusimamisha na kurudisha anaongeza mara mbili. Mwenye hatimkato anatoka ukumbini na maazimio yako tayari kwenye daftari. Halafu kuna vikao ambavyo simu zinaachwa mlangoni. Huko karne ya 19 inakusaidia.

Nikuongezee jambo la muhtasari, maana ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Wanaoanza huandika kila aliyesema na alichosema. Muhtasari unataka waliohudhuria, waliotoa udhuru, kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda moja moja, mengineyo, kufunga. Chini ya kila ajenda: hoja kwa kifupi, kisha azimio, nani atatekeleza, lini. Azimio lisilo na mtekelezaji litarudi kwenye yatokanayo ya vikao vitano.

folio_nyekundu

Naongelea upande wa kumbukumbu, maana naona umeachwa kama jalada la muda.

Mtunza Kumbukumbu ana kada yake, ana kozi yake, na haulizwi hatimkato. Matangazo hutaja fani: masjala (ofisi ya majalada), afya, mahakama, ardhi. Hospitali ya rufaa ikitangaza, mara nyingi inataka mwenye fani ya afya. Halmashauri inataka masjala au ardhi. Mdogo wako akiwa na subira na jicho la mpangilio kuliko kasi ya mkono, aje huku. Akipenda watu na simu na ratiba, abaki uhazili. Anayetafuta pa kujificha asidhani masjala ni mahali pake: jalada likipotea, jina la kwanza kuulizwa ni la mtu wa masjala.

Usaili wa huku unapenda kuuliza safari ya barua, kwa hiyo aijue kwa mpangilio.

Barua imeingia. Kwanza bahasha: ikiwa imeandikwa SIRI, haifunguliwi masjala ya wazi, inakwenda masjala ya siri ikiwa imefungwa. Ya wazi inafunguliwa, viambatisho vinahesabiwa pale pale (barua inaposema "viambatisho vitatu" na ndani vipo viwili, unaandika hapohapo, si kesho), inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Inaandikishwa kwenye rejista ya barua zinazoingia: tarehe ya kupokelewa, tarehe ya barua yenyewe, Kumb. Na. ya mtumaji, imetoka kwa nani, inahusu nini, imewekwa jalada gani. Ofisi nyingine barua hupita kwanza kwa mkuu aandike maelekezo, ndipo irudi kuwekwa jaladani.

Kisha jalada. Barua inakaa kulia, inapewa namba ya folio (namba ya karatasi ndani ya jalada) kwa wino mwekundu kona ya juu kulia, kufuata namba iliyotangulia. Kushoto kuna karatasi ya madokezo. Hapo unaandika namba ya folio na afisa anayeelekezewa. Kadi ya mwenendo wa jalada inajazwa: limekwenda kwa nani, tarehe gani. Afisa akirudisha limeandikwa B.U. na tarehe, maana yake limtokee tena mezani siku hiyo, kwa hiyo linaingia kwenye shajara ya B.U. Likirudi na P.A., linarudi rekini. Anayechanganya hayo mawili anafungia suala ambalo bado linasubiri majibu.

Barua ya kujibu inatoka na namba ya jalada na folio yake mwishoni. Ukiona Kumb. Na. inaishia /45, hiyo 45 ndiyo folio, na ndiyo maana mtumaji anaomba uitaje unapojibu: masjala yake itafungua ukurasa huo moja kwa moja.

Sasa yanayoharibika. Kubwa kuliko yote ni kufungua jalada jipya bila kupekua faharasa. Mmoja anafungua "Mafunzo ya Watumishi", mwaka unaofuata mwingine anafungua "Masomo ya Watumishi", na tangu hapo kila suala lina nusu huku na nusu kule. Ndugu yake ni jalada la "Mambo ya Jumla". Hilo linakula kila kitu na halitoi kitu. Halafu maafisa kupeana majalada koridoni bila kupitia masjala: kadi inasema lipo kwa Mwasibu, Mwasibu alishampa Mwanasheria. Dawa yake ni sensa ya majalada, mtu wa masjala anazunguka meza hadi meza akiandika lipi liko wapi, kila wiki kama ofisi ni kubwa.

Jalada likinenepa, masjala nyingi hulifunga kwenye folio 100 hivi, linaandikwa LIMEFUNGWA pamoja na tarehe, na linafunguliwa la pili lenye namba ileile na namba ya sehemu. Ukiliacha lifike 200, tundu zinachanika na folio za mwanzo zinaanza kudondoka. Pini na stepla zitolewe kabla ya kuweka, hasa kwa watu wa Tanga na Mtwara: hewa ya bahari inazitia kutu, na kutu inakula karatasi.

Mwisho, hakuna kuchoma karatasi kwa sababu chumba kimejaa. Kuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002. Uteketezaji unafuata ratiba ya uhifadhi na kibali. Swali hilo kwenye usaili halikauki.

mkulima_kibaigwa

Ahsanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Bwana folio, lakini ofisi si zimehamia e-Office? Hayo ya wino mwekundu bado yapo?

folio_nyekundu

Zimehamia nyingi, na bado rejista za karatasi zipo kando. e-Office imebadilisha chombo: jalada linatembea kwenye mfumo, madokezo yanaandikwa humo, na unaona limekaa kwa nani siku ngapi. Hakuna tena "nililirudisha". Lakini mfumo hauchagui jalada sahihi, anachagua mtu. Barua ikiwekwa jalada lisilo lake inapotea vizuri zaidi kuliko ya karatasi, kwa sababu hakuna atakayeigusa kwa bahati wakati anatafuta nyingine.

Ajifunze kuskani vizuri. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa barua. 600 zinanenepesha faili bure na mtandao unagoma. Barua ya kurasa nne iwe PDF moja, si picha nne. Na jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ili kompyuta izipange zenyewe: 2025-03-14, kisha mtumaji, kisha somo. Ukianza na siku, barua zote za tarehe 1 za miezi yote zitakaa pamoja.

Nyali_Ofisini

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo yanafanana ila majina tofauti. Nafasi za usaidizi wa ofisi katika utumishi wa umma hutaja mitihani ya KNEC (baraza la mitihani la Kenya) somo moja moja: kupiga chapa hatua ya pili ni maneno 40 kwa dakika, ya tatu ni 50, au mtihani wa kuandaa nyaraka kwa kompyuta wa hatua hiyohiyo. Nimetaja ili mjue kuwa hata pasipo hatimkato, kasi ya kuchapa inapimwa, na maneno yanayohesabiwa ni yale yasiyo na makosa.

F_na_J

Basi tuje kwenye kuchapa, hilo anaweza kuanza leo na laptop ya mtumba.

Vidole vya shahada vikae F na J, vile vitufe vyenye kikwaruzo. Aweke kitambaa juu ya mikono kama anachungulia. Programu za bure za mazoezi zipo nyingi, lakini karibu zote ni za Kiingereza, na Kiswahili kina tabu zake kwenye kibodi hii. Herufi A ndiyo tunayoitumia kuliko zote, na iko kwenye kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu. Y, U, H, J, N na M zote ni za kidole kimoja, cha shahada cha kulia. Jaribu kuchapa *hujumu*: herufi sita, kidole kimoja. *Nyumba* ni nne za mwanzo. I na K nazo ni kidole kimoja, kwa hiyo *kiki* na *hakika* zinakwama. Aandae mistari yake mwenyewe ya maneno hayo, *muhuri, muhimu, humu, nyumba, hujumu, kikao, hakika, zaa, anazaa*, apige dakika kumi kila asubuhi kabla ya zoezi la kawaida. Asikimbilie kasi. Akifanya kosa zaidi ya moja kwa mstari, apunguze mwendo. Kasi inakuja nyuma ya usahihi, kinyume chake haitokei.

Ajue pia kwamba programu hizo huhesabu mibonyezo mitano kuwa neno moja, nafasi ikiwemo. Kwa maneno yetu marefu, programu ikisema 40, maneno halisi ya Kiswahili ni pungufu.

Usaili wa vitendo mara nyingi ni kuchapa barua au jedwali kutoka karatasi iliyojaa masahihisho, na kuipanga kwa muundo. Muundo wa barua ya serikali: Kumb. Na. na tarehe, anayeandikiwa, kichwa cha habari kwa herufi kubwa baada ya "Yah:", aya ya kwanza haina namba, ya pili inaanza na 2, ya tatu 3. Anayesaini kwa niaba anatanguliwa na "Kny:" kabla ya cheo cha mkuu. Nakala zinakaa chini kushoto. Watu wanaiandika aya ya kwanza "1." na mkaguzi anaweka alama nyekundu pale pale.

Mitego ya Word. Ukiandika (c) kwenye orodha inageuka alama ya hakimiliki ©; bonyeza Ctrl+Z mara moja inarudi, au ifute kabisa kwenye AutoCorrect. Kiswahili chote kinapigiwa mstari mwekundu kwa sababu lugha iliyochaguliwa ni Kiingereza. Chagua maandishi yote, weka lugha ya Kiswahili, la sivyo makosa halisi yanajificha katikati ya wekundu wote huo. Tarehe au "Kumb. Na." ikikatika mwisho wa mstari, weka nafasi isiyokatika kwa Ctrl+Shift+Space. Na kabla ya kuchapisha angalia ukubwa wa karatasi: laptop za mtumba zimewekwa Letter ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279, wakati karatasi iliyo kwenye mashine ni A4, 210 kwa 297. Printa inasimama, inapepesa taa, mtahiniwa anatoka jasho akidhani ameharibu mashine.

Excel sasa, na hapa hata wakongwe wanalizwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inashika 15 tu. Zilizobaki inazigeuza sifuri na kukuonyesha kitu kinachoishia na E+19. Ukishabonyeza Enter, tarakimu zimepotea. Kubadilisha muundo baadaye hakuzirudishi. Safu ya NIDA iwekwe Text kabla hujaandika wala kubandika chochote. Namba za simu vilevile, la sivyo 07 inabaki 7.

Na barua mia za mwaliko kutoka orodha moja, ile mail merge: tarehe inatoka mwezi mbele ya siku, kiasi cha fedha kinatoka bila mikato. Bonyeza Alt+F9 uone msimbo wa sehemu ile, ongeza \@ "dd/MM/yyyy" kwa tarehe, na \# "#,##0" kwa fedha, halafu Alt+F9 tena. MM iwe kubwa. Ukiandika mm ndogo, hizo ni dakika, na barua zitatoka na mwezi wa 00.

dada_mapokezi

Naongeza kidogo kwa sekta binafsi, maana ajira za serikali zinachelewa na binti hatakaa tu. Kampuni na mashirika hawaulizi hatimkato. Wanataka barua pepe ya Kiingereza iliyonyooka, ratiba ya vikao, simu, na fedha ndogondogo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofukuzisha. Kanuni ni moja: ukipewa 200,000, kila saa ya siku fedha taslimu kwenye kisanduku jumlisha vocha zilizosainiwa iwe 200,000. Vocha iandikwe kabla fedha haijatoka, si jioni. Bosi akisema "nipe elfu ishirini tutaandika baadaye", mpe na vocha ya muda asaini. Na risiti iwe ya EFD, isomeke. Zile karatasi zinafifia, mhasibu akija baada ya miezi sita ni jeupe tupu. Toa kopi siku hiyohiyo, ubane pamoja.

Kingine ni daftari la wageni. Jina na namba ya simu ya mgeni ni taarifa binafsi, na tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Usiliache wazi kaunta kila anayeingia asome waliotangulia.

mkulima_kibaigwa

Nimeelewa. Naona tunaelekea uhazili, ana mdomo na ana mkono. Swali la mwisho: kuna kitu cha nyaraka cha kutengeneza mapema?

bi_stensili

Kipo, na ni majina. Leta cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na NIDA, uviweke mezani pamoja. Kama kimoja kinasema Mwajuma Juma Hamisi na kingine Mwajuma J. Hamis, shughulikieni sasa wakati hamna haraka: kosa la NIDA lirekebishwe NIDA, tofauti isiyorekebishika inataka kiapo cha majina kilichosajiliwa, deed poll. Chuo nacho kitatumia jina la cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo hilo ndilo liwe mhimili.

Siku ya kuomba, kwenye portal ya ajira, barua iwe imesainiwa kwa mkono, kisha iskaniwe. Wanaochapa jina chini bila saini ni wengi ajabu, na ni watu waliosomea kuandika barua. Hati ya matokeo na matokeo ya muda hayakubaliwi, ni vyeti vyenyewe. Siku ya usaili abebe vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, na kitambulisho. Penseli tatu pia, na kichongeo.